Picha Haina Mgongo

Hapa Wema, kijiji chetu kwenye delta ya mto Tana, kila mtu ananiita Mama Dan. Jina hilo nililipenda miaka mingi, na sasa linanikera, lakini huwezi kusimama njiani ukawaamuru watu wakubadilishie jina. Dan si wa tumbo langu. Ni mtoto wa marehemu Zadock, kaka yake mume wangu, na alipoletwa kwetu alikuwa mdogo hata kamba za viatu hajui kufunga. Mimi na Buya hatukujaliwa mtoto, basi tukamlea, tukamsomesha, naye akatuita baba na mama. Nasema haya mapema ili mkifika mbele mjue kwa nini roho inanichoma.

Ninayetaka kuwasimulia habari zake ni Buya, mume wangu. Ni mtu wa maneno machache. Mimi hutumia yangu na yake. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi, na Buya alirithi tezo lake la kuchongea, lenye mpini uliolainika kwa mikono ya watu ambao wengi wao wameshazikwa. Zamani sisi watu wa mtoni bila mtumbwi hatukwenda shambani, hatukwenda kanisani, hatukwenda hata matangani. Lakini miti mikubwa iliisha, boti za faiba zikaja, na siku hizi mtu akitaka kuvuka anampigia simu mwenye injini. Mafundi wengine waliweka tezo chini wakaenda kuendesha bodaboda. Buya akaanza kuchonga watu.

Ati watu! Siku ya kwanza nilipoona gogo lenye pua nilimuuliza kama ana homa. Alikuwa anachukua mathenge, huu mti wa miiba uliotuvamia mashambani na kutoboa kila gurudumu, anatoa humo bibi anayepepeta mpunga, mzee anayekohoa, mtoto anayekataa kuoga. Kanisani wakaanza kunong'ona kwamba Buya anachonga miungu. Mchungaji akaja mwenyewe kuhakikisha, akamwona yule bibi wa mpunga, akasema, "Huyu si mama yangu?" Na kweli alikuwa mama yake. Minong'ono ikaisha siku hiyo.

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue kuhusu kazi yake. Buya huanza mgongoni. Fundi wa mtumbwi huligeuza gogo, akachonga kwanza upande wa nje, ule utakaokaa majini, ndipo baadaye alichimbe ndani. Buya akafanya vivyo hivyo kwa watu wake. Alisema uso hujipanga ukiona mtu anakuja, lakini mgongo haujui kama unaangaliwa. Wageni wakija kutazama sanamu zake husimama mbele wakasifu, naye huwangoja wazunguke nyuma. Wengi hawazunguki, wanaomba maji ya kunywa na kwenda zao.

Margaret ni dada yake Buya, kitinda mimba wao, wifi yangu ambaye tumegombana na kupatana tangu siku niliyoolewa. Aliolewa na Iha, Mgiriama ambaye wazazi wake walihamia huku deltani kutafuta shamba. Boma lao liko bondeni kuelekea mji wa Garsen, mahali pazuri kwa mahindi na pabaya kwa mafuriko. Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Beryl, msichana, na mdogo alikuwa Dzombo, aliyepewa jina la babu yake mzaa baba kama ilivyo desturi yao. Babu alikuwa akimpakata yule mtoto anamwita "mzee mwenzangu" na kumpa habari za mbuzi, mpaka tunacheka machozi yanatoka.

Mvua zile za mwisho wa mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu mnazikumbuka. Barabara ilikatika, Garsen ikabaki kama kisiwa, na mto ukaingia majumbani bila hodi. Iha alikuwa ametangulia na mbuzi mahali pa juu. Margaret akapanda mtumbwi wa jirani asubuhi, Beryl mbele yake, Dzombo mgongoni ndani ya leso. Beryl alikuwa na hofu, amemlalia mama yake kifuani, kwa hiyo Margaret akalisukuma fundo la mbeleko likakaa nyuma ya bega. Mtumbwi ukagonga nguzo ya ua iliyofunikwa na maji, ukapinduka. Jirani alisombwa upande wake akaokoka. Margaret alinasa kwenye mathenge katikati ya maji, Beryl amemng'ang'ania shingo. Boti ilipowaopoa walikuwa wawili tu. Margaret alisema maji ndiyo yaliyofungua fundo. Tulilia, tukaomba, tukangoja mto utoe mwili, mto haukutoa.

Maji yaliposhuka, Margaret akawa anakuja kwetu kila Jumapili akitoka kanisani. Anapita jikoni, "Hujambo wifi," halafu moja kwa moja mpaka kibanda cha Buya. Buya alikuwa ameanza sanamu kutoka kwa gogo ambalo mafuriko yenyewe yalilitupa uwanjani kwetu. Ni mwanamke wa urefu wa mtu mzima, na mtoto wa kike amemkumbatia shingo kwa mbele. Nyuma kuna kichanga kwenye mbeleko, na mkono mmoja wa mama umepinda juu ya bega umeshika fundo. Margaret alikuwa anazunguka nyuma, anaweka kiganja chake juu ya ule mkono wa mti, anakaa hivyo. Mimi nilimwonea huruma, nikajua anaomboleza. Nilidhani ule mkono unafunga.

Haukuwa unafunga. Haya niliyajua baadaye, lakini nawaambia sasa ili msije mkapotea kama nilivyopotea mimi. Leso ilikuwa imelowa na inamvuta chini. Tawi lilikuwa linakatika. Wangekwenda wote watatu. Margaret alilifungua fundo kwa mkono wake mwenyewe, akamwachilia Dzombo ili abaki na Beryl. Alimwambia mtu mmoja tu duniani, kaka yake, na akamwomba mambo mawili. La kwanza amchongee, kwa sababu kulisema tena kwa mdomo hawezi, na hataki liwe halipo popote. La pili, Beryl asijue kamwe.

"Akijua," alimwambia Buya, "ataishi maisha ya watu wawili. Yeye ni mtoto. Mwache awe na yake tu."

Buya aliitikia. Mimi mkewe, ninayempikia na kumpiga mgongo akikohoa, hakuniambia kitu. Nilipokuja kumuuliza alinijibu bila haya, "Mama Dan, mdomo wako hauna mlango." Ni kweli hauna mlango. Lakini iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu yuko mtu mwingine aliyemwambia.

Dan alikuwa Mombasa, ameajiriwa na jumba moja la makumbusho ambalo chini wanaweka vyungu na vitu vya kale, na juu wanaonyesha sanamu za watu walio hai. Kazi yake ni kupanga maonyesho, yale ya jumbani na yale ya mtandaoni. Hayo ya mtandaoni alitueleza akiwa amekaa kwenye mkeka wangu anakula wali wangu. Mtu akiwa Garsen au ng'ambo anafungua simu, anaingia mlangoni kwa kidole, anatembea chumba hadi chumba, anasimama mbele ya sanamu kama yuko pale pale. Nikamuuliza kama watu hao pia wanavua viatu. Tulicheka sana siku hiyo, Mungu wangu, tulicheka.

Akaingia kibandani akamwona mwanamke wa mbeleko. Akazunguka nyuma bila kuambiwa, maana amelelewa na Buya, na alipotoka macho yalikuwa yamemtoka. "Baba, hii lazima iende." Buya akakataa. Dan akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwishowe Margaret mwenyewe ndiye aliyekubali. Alisema, "Ipelekeni. Watu wamwone Beryl wangu aliyebaki. Lakini mgongo uegemee ukuta."

Hapo ndipo Buya alipofanya jambo ambalo baba yeyote angelifanya. Alimketisha Dan kibandani akamweleza sababu yote, neno kwa neno, ili alinde. Aliona kwamba mtu hawezi kulinda asichokijua. Dan akampa mkono. "Naapa kwa kaburi la baba Zadock," akasema, "mgongo hautabanduka ukutani." Mimi wakati huo nilikuwa naingia na chai, nikasikia kiapo bila kujua ni cha nini.

Dan akachukua kikombe. "Na picha je, baba? Nipige, watu wa mbali nao waone?"

"Picha piga," Buya akasema. "Picha haina mgongo."

Aliisema kwa moyo mweupe. Ukutani kwetu kuna picha ya marehemu Zadock, picha ya harusi yetu, picha ya Dan siku ya kuhitimu. Zote zinatazama mbele, na ukizigeuza unakuta kadibodi. Maisha yake yote mume wangu amechonga vitu ambavyo unaweza kuvizunguka, na alijua tofauti ya sanamu na picha ni hiyo moja tu. Dan alikuwa anajua picha zake si za namna hiyo. Alijua atapiga mamia akiizunguka sanamu pande zote, mashine iziunganishe, mpaka mtu aweze kuigeuza kwa kidole anavyotaka. Angeweza kusema, "Baba, hii yangu ina mgongo." Neno moja tu. Aliangalia chai, akatabasamu, akanywa.

Tulikwenda Mombasa kuiona. Mkuu wa maonyesho ni Sabdio, mama wa Kiorma, mtu wa huku huku kwetu, na alitupokea vizuri. Sanamu ilikuwa peke yake mwisho wa chumba, juu ya jukwaa la chini, taa moja inaimulika kutoka upande wa kushoto ili uso wa mtoto upate mwanga na wa mama ubaki na kivuli. Mgongo uliegemea ukuta kabisa, umeshikwa na chuma. Alikuja bwana mmoja wa miwani akauliza kama ni kigango, ile nguzo ya kuchongwa ya kumkumbuka marehemu, Buya akamjibu vigango ni vya Wagiriama na yeye ni Mpokomo, na huyu mama yuko hai. Yule bwana akabandika shavu ukutani achungulie nyuma, mlinzi akamwondoa. Buya alifurahi sana kwa huyo mlinzi. Njia nzima ya kurudi anamtaja.

Miezi ikapita. Dan akapiga simu, sauti yake imejaa raha. Maonyesho ya mtandaoni yamekamilika, na jumba linataka kuyapeleka shuleni kwa watoto ambao hawawezi kufika Mombasa. Amewaambia waanze kwetu, shule anayosoma Beryl. Wazazi wote waalikwe, na baba aje na koti lake la kanisani. Unadhani hatukujivuna? Nilisuka nywele. Margaret alivaa gauni la bluu. Alimuuliza Buya mara moja tu, "Ni picha?" Buya akamwambia ni picha.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwalimu Josephine alikuwa ametundika shuka jeupe ubaoni, Dan akawasha mashine yake, na chumba kile cha Mombasa kikatokea kwenye shuka, na ile taa ya kushoto, na jukwaa. Watoto wakapiga kelele. Margaret alikuwa amekaa benchi la mbele na Iha, mimi na Buya nyuma yao. Dan akazungumza vizuri, sikatai. Alisema sanamu jumbani inataka uifuate ilipo, lakini mtandaoni sanamu inakufuata wewe. Watu wakapiga makofi.

"Sasa nani aanze? Aanze mpwa wa fundi. Beryl, njoo."

Beryl akaenda. Alikuwa na miaka tisa hivi, mguu mwembamba, soksi moja imeshuka. Dan akamshikisha kile kibao chake cha kioo. "Sukuma kwa kidole, uone."

Akasukuma. Mwanamke wa mbeleko akaanza kugeuka kwenye shuka. Likaja sikio, likaja bega. Mbele yangu niliona shingo ya Margaret imekauka. Buya alisimama, benchi likaanguka, akasema, "Dan," lakini kelele za watoto zilimmeza. Mgongo wote ukatokea, mkubwa kuliko mlango, na mkono ule, na fundo, na ncha ya leso inayotoka katikati ya vidole. Chini yake yakajitokeza maandishi.

Mwalimu Josephine hakuwa na kosa lolote. Alifanya anachofanya kila siku. "Beryl, tusomee. Kwa sauti."

Na Beryl anasoma vizuri, ole wake. Akamrudishia Dan kibao, akasimama wima, mikono nyuma, akasoma kama walivyofundishwa, kila neno peke yake. "Kuachilia. Katika mafuriko ya mto Tana, mama huyu alikuwa na watoto wawili. Maji hayakufungua fundo. Alilifungua yeye mwenyewe, akamwacha mdogo ili abaki na mkubwa."

Alimaliza mpaka nukta. Kisha akageuka akamtazama mama yake, na sisi sote tukamtazama mama yake. Ndivyo nilivyokuja kujua, mimi wifi mtu, pamoja na wauza mandazi na watoto wa darasa la kwanza. Margaret hakulia. Alikunja mikono juu ya mapaja yake akaangalia chini. Iha alinyanyuka, akachukua kofia yake, akatoka. Baadaye alimwambia mkewe neno moja, "Ungeniambia mimi," na hajaligusa tena.

Nilimshika Dan shati pale nje, karibu na tangi la maji. "Wewe mtoto, ulikula nini? Ulitumwa na nani?"

Unajua alinijibu nini? "Mama, ukuta sijaubandua. Nenda Mombasa ukaone, bado imeegemea." Haki ya Mungu, hivyo hivyo. Kisha akaendelea. "Na jina la mtu sikutaja. Mama, mbele ni mama na mtoto tu, sanamu za hivyo ziko elfu. Mgongo ndio kazi yenyewe. Baba mwenyewe anasema watu hawazunguki! Nimewazungusha. Watu wa nchi ngapi wameona mgongo wa baba, wanaandika, wanalia. Si hicho alichokitaka?"

"Jina hukutaja? Garsen nzima ni akina mama wangapi waliotolewa kwenye mathenge na mtoto mmoja shingoni?"

Ninaloshindwa kumsamehe ni kwamba alikuwa na haki kidogo. Mgongo ule ni kazi bora kuliko zote alizofanya mume wangu, na aliyeijua thamani yake kuliko sisi wote ndiye aliyeiuza sokoni. Buya alikuja polepole, koti limemkaa upande. Nilitaka ampige. Hajawahi kumpiga, hakumpiga.

"Nilikuambia wewe, Dan," alisema. "Mama yako sikumwambia. Nilikuambia wewe."

Dan akaanza kulia hapo, lakini machozi yake hayakunigusa. Tukamwacha kwenye tangi.

Beryl hakurudi nyumbani na mama yake. Alitufuata sisi nyuma nyuma, begi mgongoni, mpaka Wema. Nilimpa chakula akala. Nilimuuliza kama nimrudishe jioni, akatikisa kichwa. Margaret alikuja kesho yake kumchukua, mtoto akaingia chini ya kitanda changu na hakutoka mpaka mama yake alipoondoka. Sote tukasema anamchukia mama kwa kumwacha mdogo wake. Watu wa kanisani walisema hivyo, na mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Sabdio aliileta sanamu mwenyewe kwa pikapu. Alisema kwa aibu kwamba hakuambiwa chochote zaidi ya ukuta, na ameiondoa mtandaoni. Lakini vijana wa stendi Garsen walikuwa wameshairekodi. Unapita kununua sukari unamkuta mtu anaigeuza kwenye simu, anakuona, anaificha mfukoni. Ile ya mti tulikuwa nayo. Ile ya kwenye simu haina mwenyewe wa kumlilia.

Buya aliisimamisha kibandani, akanoa tezo. Nilijua anataka kufanya nini, na sikumzuia. Alikuwa ameshalipandisha tezo juu ya ule mkono wa fundo Beryl alipotokea mlangoni.

"Mjomba, usikate."

Buya akalishusha.

"Umekosea," Beryl akasema. "Mkono wangu haupo."

"Mkono wako uko shingoni kwa mama, mbele."

"Ule ni mmoja." Akaenda mpaka nyuma ya sanamu, akanyoosha mkono wake juu ya bega la mti, akauteremsha mpaka kwenye mkono mdogo wa kichanga. "Huu mwingine nilimshika Dzombo. Nilimshika hapa. Kisha akaniponyoka." Alikuwa anasema kwa sauti ile ile ya kusomea darasani. "Mama alisema ni maji. Mimi nilijua si maji. Nilijua ni mimi niliyemwachia, na mama anasema ni maji ili nisichapwe na babu."

Jamani. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaliweka chini. Mtoto huyu siku ya mafuriko alikuwa na miaka saba. Kila Jumapili amekaa kanisani kati ya baba yake na mama yake, anaimba, ameibeba hiyo peke yake. Mama upande huu anamficha mtoto, mtoto upande ule anamficha mama, na fundi katikati anachonga na hajui kwamba amepunguza mkono mmoja. Buya alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Tangu nimjue, hiyo ni mara ya pili nimemwona akilia, na ya kwanza alikuwa anamzika Zadock.

Aliuchonga ule mkono. Mti wa sanamu haukuwa na nafasi, basi aliuchonga kando kutoka kipande cha gogo lile lile, akauunga kwa vigingi vya mti, vidole vidogo vimefunga juu ya vidole vidogo zaidi. Habari hazikai, zilimfikia Dan. Akapiga simu kwangu, maana kwa Buya haipokelewi. Alianza na salamu, akaomba radhi, na nilikaribia kulegea, nisiwadanganye. Kisha akasema, "Mama, na huo mkono mpya, nikija, baba ataniruhusu walau niuone?" Nikamwambia amekosea namba.

Jumapili iliyofuata Margaret alikuja. Nilikuwa nimemtumia habari na nilijua ameshazisikia, kwa sababu hakupita jikoni kunisalimu. Alikwenda kibandani, na safari hii Beryl hakukimbia. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi wa zamani uliopinduliwa, anamenya muwa. Margaret alizunguka nyuma ya sanamu akauona ule mkono mdogo. Aliutazama muda mrefu bila kuugusa.

"Mama," Beryl akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka usiumie, mwanangu."

"Niliumia," Beryl akasema. "Nilikuwa naumia kila siku, na wewe ulikuwa unajua si mimi."

Margaret akafungua mdomo. Alitaka kusema hakujua kwamba mtoto anajilaumu, na ni kweli hakujua, lakini hakusema. Alimkaribia mwanawe akamnyooshea mkono, ule wa kulia, uliofungua fundo. Beryl aliutazama, akaweka muwa chini, na mikono yake yote miwili akairudisha nyuma ya mgongo.